Trekta dogo lililotumika: nikague nini kabla sijatoa pesa?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina ekari tano, sehemu tambarare na sehemu ya mteremko. Nataka kununua trekta dogo lililotumika na sijawahi kumiliki trekta maishani. Kazi zangu ni kulima bustani kwa rotaveta (zana ya visu vinavyozunguka), kukata majani kwa slasha ya trekta, na kuvuta tela ya samadi na kuni. Nimeona mawili. La kwanza ni la Kijapani la miaka ya 1980, HP 18, gia za kawaida, limepakwa rangi upya, mita inasoma masaa 1,100, na linauzwa pamoja na rotaveta yake. La pili ni la mwaka 2014, HP 28, haidrostatiki (mwendo wake unatoka kwenye pampu ya oili badala ya gia za kubadilisha), lina loda mbele, yaani ndoo ya kuchotea, mita inasoma masaa 2,600, limechubukachubuka. Hili la pili ni ghali zaidi, ila nikijibana nalimudu. Marafiki zangu wote wanasema nichukue lenye masaa machache. Wewe unasemaje, na nikienda kukagua niangalie nini?

Jibu: Marahaba. Kwa maelezo hayo, mimi ningeanza kulikagua lile lililochubuka. Sina ushahidi kwamba la kwanza ni bovu. Ila limepakwa rangi, na rangi mpya juu ya chuma cha miaka arobaini inafuta karibu kila alama ambayo mnunuzi anaihitaji: mahali oili inapovuja, mahali palipochomelewa, bolti iliyofunguliwa juzi. Mchubuko unaonekana. Hauwezi kukuficha kitu.

Marafiki zako wanasoma mita. Nitarudi kwenye mita, lakini kwanza nikuambie pesa za wanunuzi wapya zinapotelea wapi, maana si pale wanapopaogopa. Wanaogopa injini. Injini ndogo ya dizeli ya silinda tatu, ikibadilishiwa oili kwa wakati na filta yake ya hewa ikatunzwa, mara nyingi hufika masaa 4,000 au 5,000 kabla ya kuhitaji kufunguliwa, na nyingi huvuka hapo. Tena ikichoka inasema: inapata shida kuwaka, inatoa moshi, inakunywa oili. Hasara kubwa hutoka kwenye vitu vinne visivyosema mapema: klachi, gia boksi (au pampu ya haidrostatiki), ekseli ya mbele, na spea isiyopatikana.

Chukua klachi. Trekta dogo kwa kawaida halina chasisi kama ya gari. Injini, nyumba ya klachi na gia boksi zimeunganishwa kwa bolti, na huo muunganiko ndio uti wa mgongo wa trekta lenyewe. Kwa hiyo ukitaka kuifikia klachi, unaligawa trekta vipande viwili: unategemeza nyuma, unategemeza mbele, unafungua mabomba ya haidroliki, nyaya, fimbo za usukani, propela (shafti) ya kwenda ekseli ya mbele, kisha unavuta nusu moja kuiacha nyingine. Sahani ya klachi yenyewe huenda ikawa bei ya kawaida tu. Kazi ya kuifikia ndiyo inayouma. Ndiyo maana kipimo cha dakika moja cha klachi, nitakachokieleza huko chini, kina thamani kuliko nusu saa ya kuisikiliza injini.

Sasa ukubwa. HP inayoandikwa ubavuni ni ya injini. Inayofika kwenye PTO, yaani ile shafti ya nyuma inayozungusha zana, ni pungufu, na kwenye haidrostatiki inapungua zaidi kidogo. Kwa slasha, hesabu inayotumika sana ni kama HP 5 za PTO kwa kila futi moja ya upana. Slasha ya futi 4 inataka HP 20 hivi kwenye PTO. Ya futi 5 inataka 25. Ukiwa na trekta la HP 18 kwenye injini, unabaki na kama 15 kwenye PTO, kwa hiyo slasha yako ni ya futi 3 au ya futi 4 kwenye majani mepesi, ukienda taratibu. Kwa bustani na rotaveta yake ndogo litakutosha kabisa. La HP 28 litafanya kazi zote tatu ulizozitaja bila kuhema. Kwenye tela, usiangalie HP hata kidogo, angalia uzito na breki. Trekta jepesi linaweza kuuvuta mzigo kupanda, kisha mzigo ukalisukuma trekta kushuka.

Turudi kwenye mita. Kwenye matrekta mengi ya zamani mita ya masaa huendeshwa na injini yenyewe na huhesabu mizunguko, si muda. Injini ikinguruma polepole kutwa nzima, mita inasogea kidogo tu. Juu ya hapo mita hufa, hubadilishwa, hurudishwa nyuma. Masaa 1,100 kwa miaka arobaini ni wastani wa chini ya masaa 30 kwa mwaka. Inawezekana, kwa mwenye kijishamba aliyekuwa anatumia trekta wiki mbili kwa msimu. Lakini usiamini mpaka chuma kikubaliane.

Chuma kinasoma hivi. Tazama pedali ya klachi na za breki: mpira wake ukiwa mpya wakati pedali yenyewe imelika ukingo mmoja, mpira umewekwa kwa ajili yako. Kamata pedali uitikise kushoto na kulia; ikicheza sana kwenye pini yake, imekanyagwa maelfu ya mara. Nenda nyuma, kwenye mikono mitatu inayobeba zana. Tundu za pini huanza zikiwa duara na huishia zikiwa mviringo kama yai. Hakuna anayezirudisha duara kwa ajili ya kuuza, kwa hiyo hapo ndipo mahali pa kweli. Angalia na chuma kinachovutia tela: kikiwa kimelika upande wa juu wa tundu, trekta limevuta sana. Pedali, tundu na chuma cha tela vikisema masaa 3,000 na mita ikisema 1,100, chukua neno la chuma.

Na rangi nayo ina namna ya kujisaliti. Piga magoti uangalie chini. Mpakaji mwenye haraka hupulizia kila kitu: hosi za haidroliki, nyaya, nipeli za kupigia grisi, hata bati la namba. Nipeli iliyozibwa na rangi maana yake hakuna grisi iliyoingia pale tangu rangi ipakwe. Kwenye ukingo wa bati la chini ya injini ukikuta rangi imekaa juu ya tope na oili ngumu, basi trekta halikuoshwa wala kufunguliwa, limevishwa tu. Kinyume chake, nikikuta rangi nzuri lakini bolti zimefunguliwa kwa spana safi, gasketi mpya inaonekana kwenye viungio, na muuzaji anataja alichobadilisha bila kuulizwa mara mbili, hapo naanza kulegea.

Kitu kingine ambacho hakina mvuto lakini kinaamua mengi: ni nani hasa aliyelitengeneza. Jina lililoandikwa kwenye boneti huenda si la mtengenezaji. John Deere 850 na 950 zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970 zilitengenezwa na Yanmar. Matrekta madogo mengi ya Ford ya enzi hizo ni ya Shibaura. Bolens kadhaa ni Iseki chini ya rangi. Hii ni habari njema kwa mwenye kutafuta spea, kwa sababu gasketi au filta usiyoipata kwa jina la boneti unaweza kuipata kwa jina la aliyetengeneza.

Habari mbaya ni upande wa pili. Matrekta yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, kama hilo lako la kwanza linavyoelekea kuwa, mara nyingi hayafanani kikamilifu na ndugu zao waliouzwa nje rasmi. Namba za modeli ni nyingine, baadhi ya gia ni nyingine, maandishi ya tahadhari ni ya Kijapani, na muuzaji rasmi wa kampuni anaweza kukuambia hana kitabu chake. Kubota ililipeleka jambo hili kwenye vyombo vya biashara vya Marekani, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba tofauti hizo zinatosha kuzuia baadhi ya matrekta yake yaliyotumika yaliyoingizwa kutoka Japani. Simaanishi usinunue la namna hiyo. Wapo watu wanaoyatumia miaka ishirini kwa raha. Namaanisha kabla hujalipa, piga picha bati la namba ya trekta na namba iliyogongwa kwenye injini, mpelekee muuza spea, umwulize vitu vitano: sahani ya klachi, pampu ya maji, oili sili za ekseli ya mbele, gasketi ya silinda hedi, na pampu ya haidroliki. Akipata vinne, endelea. Akipata kimoja, hilo ni trekta la mtu mwenye mashine ya kuchongea vyuma nyumbani.

Sasa siku ya ukaguzi. Mpigie muuzaji mapema, mwambie waziwazi: usiliwashe kabla sijafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, kuna jambo alikuwa analimaliza kabla hujaja. Ningemwomba turudi kesho asubuhi, na jinsi anavyolipokea ombi hilo pia ni sehemu ya ukaguzi.

Injini ikiwa bado baridi fungua kifuniko cha rejeta, maana ikishapata moto hufungui tena. Maji yawe na rangi ya kupoozea, si ya kutu, na yasiwe na utando wa oili juu. Chomoa kijiti cha oili ya injini. Oili nyeusi kwenye dizeli si tatizo, ni kawaida yake. Oili ya rangi ya maziwa ndiyo tatizo. Kisha kijiti cha oili ya gia boksi, na hapa usiharakishe, kwa sababu kwenye matrekta mengi madogo oili hiyohiyo moja inahudumia gia, difu, breki zinazokaa ndani ya oili, na haidroliki nzima. Weka tone kati ya vidole, usugue. Ikiwa ya kijivu yenye maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia mpira uliochanika kwenye mkono wa gia kwa trekta linalolala nje mvuani. Hilo lenyewe linaoshwa. Ila oili ikiacha vumbi linalong'aa kwenye kidole, au ukihisi chembe, gia au beringi inasagika humo ndani.

Fungua filta ya hewa. Ndani ya bomba linalotoka kwenye filta kuelekea injini pita na kidole kisafi. Kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikivuta mchanga, na mita isome itakavyosoma, ringi za pistoni zimekwisha kula chumvi nyingi.

Liwashe. Hita za kuwashia zipewe sekunde zake, kisha stata. Injini nzima huitikia haraka. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi si neno, mradi unapotea ndani ya dakika moja au mbili. Ukiendelea, unanuka dizeli mbichi, ni nozeli zinazopulizia dizeli au mgandamizo dhaifu ndani ya silinda. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi unapoongeza mzigo ghafla ni wa kawaida. Mweusi wa muda wote ni filta iliyoziba au nozeli zinazomwaga. Injini ikiwa inanguruma polepole, legeza kifuniko cha kumiminia oili na ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikitetemeka tu, sawa. Kikirushwarushwa na moshi ukatoka kwa pumzi nzito isiyokoma, mgandamizo unavuja kupita ringi.

Klachi, kwa lile la gia. Mahali tambarare, hakikisha mbele hakuna mtu wala kitu, kanyaga breki zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja, weka gia ya juu, injini mizunguko ya kati, achia klachi taratibu. Injini inapaswa kulemewa na kuzimika. Ikiendelea kuunguruma wakati trekta limesimama, klachi inateleza na wewe umeshajua kitakachofuata. Mara moja inatosha, usimchomee mwenzio klachi yake. Kisha endesha kila gia, mbele na nyuma, ukipanda mteremko na ukishuka. Gia iliyochoka hutoka yenyewe wakati wa kushuka, mzigo unapogeuka upande wa pili. Ndiyo maana kulijaribu uwanjani tambarare hakutoshi.

Kwa lile la haidrostatiki, kosa la wanunuzi wengi ni kulijaribu likiwa baridi. Pampu iliyochoka hufanya kazi vizuri oili ikiwa nzito. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani, nguvu inakatika. Kwa hiyo lifanyishe kazi nusu saa kamili: chota udongo na loda, panda, shuka. Halafu likiwa la moto lipeleke kwenye mteremko, anza na mwendo wa chini, kisha ujaribu wa juu. Kwenye mwendo wa juu kulemewa kwenye mwinuko mkali ni kawaida. Kwenye mwendo wa chini linapaswa kupanda, au likwame kwa sababu matairi yanateleza au injini imelemewa. Injini ikiwa inaunguruma kwa raha na matairi yamesimama, pampu au mota yake imekwisha. Mlio wa kuvuma upo kwenye mashine zote hizi. Mlio unaoongezeka na moto, wa kukwaruza, ndio wa kukukimbiza.

Na kwa kuwa ni la 2014 na lina HP 28, uliza jambo moja zaidi. Nchini Marekani kuanzia 2013 injini mpya za HP 25 hadi 75 zilibanwa sana kuhusu masizi, na watengenezaji wengi wakaweka chujio la masizi kwenye ekzosi. (Ndiyo sababu utaona matrekta mengi ya miaka hiyo yameishia HP 24 na kitu: yalikwepa mstari.) Chujio hilo hujisafisha kwa kupandisha joto, na trekta lililozoea kuzimwa katikati ya kujisafisha huishia na chujio lililoziba. Kama hilo lako linalo, uliza lilijisafisha mara ya mwisho lini, na uangalie kama kuna taa ya onyo inayowaka, au iliyofichwa kwa gundi.

Ekseli ya mbele. Kama trekta linavuta magurudumu manne, lala chini uhakikishe propela ya kwenda mbele ipo. Kuna wanaoitoa ekseli ikiharibika, wakaendelea kulitangaza kama la magurudumu manne. Nyanyua mbele kwa jeki, uweke vizuizi imara, kamata gurudumu juu na chini ulitikise. Kucheza kidogo kunavumilika, kugonga hakuvumiliki. Chini ya kila gurudumu, pale gia zinapoingia kwenye kitovu, tafuta oili. Sili ikivuja hapo, maji na tope navyo vinaingia.

Kisha soma saizi za matairi yote manne, uziandike. Hili watu hulipita, nami silipiti. Magurudumu ya mbele yamepangiwa gia ili yatembee kasi kidogo kuliko ya nyuma, kama asilimia 1 hadi 5, ili ya mbele yavute badala ya kusukumwa. Mpango huo unategemea saizi kamili za matairi. Mtu akikosa tairi la mbele la saizi yake akafunga linalokaribiana, mbele na nyuma vinagombana kila unapoingiza magurudumu manne, na ugomvi unamalizikia kwenye gia za ekseli. Linganisha na saizi za kwenye kitabu cha trekta au alizonazo muuza spea. Matairi ya nyuma yakiwa na maji ya chumvi kwa ajili ya uzito, tazama rimu kuzunguka vali: kutu inayochubuka pale maana yake rimu inaliwa kwa ndani.

Haidroliki ni rahisi kuipima. Nyanyua rotaveta au mzigo mwingine mzito na mikono ya nyuma, zima injini, weka alama ya kimo kwa chaki kwenye mti, ukae kando. Usiingize mguu wala mkono chini yake. Kushuka taratibu kwa dakika kadhaa kunavumilika. Kushuka ukiona kwa macho ni sili au vali. Kwenye loda, tafuta nyufa palipochomelewa, hasa pale mikono inaposhikana na mwili wa trekta, na usimame mbele uangalie kama ndoo iko sawa. Mkono mmoja uliopinda unaonyesha mtu aliyeng'oa kisiki kwa kona ya ndoo.

PTO: iingize na uitoe, isikilize. Kiwango cha kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, shafti ya meno 6 yenye kipenyo cha milimita 35. Matrekta ya soko la Japani mara nyingi yana miendo mitatu au minne ya PTO, na slasha ya 540 ukiizungusha kwenye mwendo wa juu unaitafutia kifo, labda na chako. Jingine kwa la zamani: likiwa na klachi ya hatua moja, ukikanyaga klachi unatenga injini, lakini slasha nzito inayozunguka bado imeshikana na gia, na inalisukuma trekta mbele. Watu wamepita ukuta hivyo. Kama ndivyo lilivyo, nunua kikata-nguvu cha njia moja cha kufunga kwenye shafti ya PTO kabla ya slasha, kinachoiacha slasha izunguke bila kulisukuma trekta. Rotaveta haina tabia hiyo kwa sababu udongo unaisimamisha.

Rotaveta unayopewa nayo usiihesabu kuwa zawadi mpaka uone imefungwaje. Zana za kawaida za ukubwa huu hutumia pini za milimita 22 chini na 19 juu. Rotaveta za Kijapani nyingi hufungwa kwa fremu yao maalumu. Ukiitoa, huenda mikono ya kawaida haipo kabisa, na hutaweza kufunga slasha.

Umesema kuna mteremko. Hapo sina mjadala: fremu ya kinga ya kupinduka nyuma ya kiti, pamoja na mkanda. Uswidi ililazimisha kinga hiyo kwenye matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Matrekta mengi ya soko la Japani ya miaka ya 1980 hayakuja nayo. Fremu iliyochomelewa mtaani kwa bomba la maji si kinga, inakufariji tu hadi siku ya ajali. Kama la kwanza halina na haipatikani iliyotengenezwa kwa modeli hiyo, basi kwako wewe mwenye mteremko limekwisha kushindwa, hata injini iwe dhahabu. Na liwe lipi utakalochukua, tela na kisiki vivutwe kwenye chuma cha chini cha kuvutia, kamwe si kwenye ekseli wala kwenye mkono wa juu wa kati. Ukivutia juu, trekta huinuka mbele na kukulalia kwa chini ya sekunde 2.

Hakikisha pia swichi za usalama hazijarukwa kwa waya: jaribu kuwasha ukiwa na gia ndani au PTO imeingizwa, huku mguu ukiwa kwenye breki. Halipaswi kuwaka. La zamani sana linaweza kuwa halikuwahi kuwa nazo.

Uamuzi wangu basi. Kama la pili linapanda mteremko likiwa la moto, oili yake ya gia ni safi, na chujio la masizi halina onyo, lichukue, masaa 2,600 na michubuko yake. Loda peke yake itakuokolea mgongo kwenye samadi. Kama haidrostatiki yake inalegea, liache hata akipunguza bei, kwa sababu punguzo halitafikia gharama. Likishindwa, lirudie la kwanza kwa masharti matatu: spea nne kati ya tano zimepatikana, klachi imezima injini, na fremu ya kinga ipo au inaagizwa. Hati za umiliki zifanane na namba ya bati kwa yote mawili, na ukipata fundi wa matrekta wa kwenda naye, mlipe siku yake. Fundi wa magari madogo atakagua injini na kuishia hapo.

Ukilifikisha nyumbani usilime siku hiyo. Badilisha oili ya injini, ya gia na ya ekseli ya mbele pamoja na filta zote, upige grisi kila nipeli, uandike tarehe na usomaji wa mita kwenye daftari. Oili ya gia uliyoimwaga ichuje kwa kitambaa cheupe kabla ya kuitupa, na masaa 50 baadaye ufungue tena filta ya haidroliki ulinganishe. Vumbi la chuma likiwa limepungua, endelea na kazi. Likiwa limeongezeka, mwite fundi kabla ya msimu, wakati gia ile bado ina meno ya kuokoa.